Kurasa Kumi na Moja za Tuli

Jumatatu, 3 Machi

Mitego mitano, panya wawili. Mmoja nyuma ya mbegu za mahindi, mwingine kwenye chakula cha kuku. Nimewatupa, nikaosha mitego, nikaitega upya. Kila asubuhi ni hivyo tangu niajiriwe dukani. Mama Jerono, mwenye duka, anasema mimi ndiye paka wake.

Wakulima wameanza kuja. Wanauliza mbegu, wanatoka nje kuangalia mawingu, wanarudi kuuliza tena.

Saa nne nilikuwa juu ya ngazi, napanga dawa za kupe. Redio ikasema kuna filamu mpya, imetolewa kwenye vitabu vya zamani vya watoto, Tuli wa Stesheni. Itaonyeshwa Eldoret mwezi huu. Nikabaki pale juu, chupa mkononi. Mama Jerono akaniuliza kama nimeona nyoka.

Nina miaka arobaini na tatu. Sikujua jina hilo bado linaweza kunifanya hivi.

Jumanne, 4 Machi

Kikundi cha darasa letu kwenye simu kimefufuka. Kwa kawaida ni matanga na harusi tu. Leo ni Tuli, Tuli, Tuli. Barnaba, aliyekuwa mchekeshaji wa darasa na sasa analima viazi Ainabkoi, ameandika: "Mnasema nililia siku ya mwisho wa kitabu cha sita. Sikulia. Ilikuwa moshi wa jikoni ya walimu."

Rodah akanipigia. Tulikaa naye dawati moja kutoka darasa la tatu hadi la nane. Siku hizi anaishi Munyaka, anashona sare za shule. Bado ananiita Monita.

"Monita, tunaenda wote. Mimi, wewe na Tuli. Na usiniletee habari ya stoo."

Tuli ni binti yake. Miaka kumi na miwili. Pasta alikataa jina hilo, akasema si la mtu, kwa hiyo alibatizwa Martha. Hakuna anayemwita Martha.

Nimesema ndiyo.

Alhamisi, 6 Machi

Harufu imenirudia kabla ya maneno. Karatasi mpya na mafuta ya taa, kwa sababu lile sanduku la vitabu lilikuja shuleni juu ya lori la mapipa. Vitabu sita vyembamba. Nakala moja ya kila kitabu. Sisi tulikuwa thelathini na wanane.

Mwalimu Tecla akaamua: kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, monita wa vitabu asome, wengine wasikilize. Monita nilikuwa mimi. Nilichaguliwa kwa sababu mistari yangu ya rula ilinyooka.

Tuli anaishi kwenye stesheni ya mwisho, pale reli inapoishia nyasini. Baba yake huwasha taa za reli jioni. Mdogo wake, Beno, hubeba mawe mfukoni na kuyapa majina. Katika kila kitabu treni inaleta mgeni mmoja, na mgeni huyo haondoki kama alivyokuja. Kitabu cha tano baba anapanda treni kwenda kutengeneza taa za mbali. Harudi. Kitabu cha sita ni cha kumngoja.

Madirisha ya darasa hayakuwa na vioo. Ukungu wa Ainabkoi uliingia na kutembea kati ya madawati. Nilisoma ndani ya wingu. Nyuso za waliokaa nyuma sikuziona, nilisikia pumzi tu. Mpaka leo nikifumba macho siwezi kutenganisha nyasi za kitabuni na nyasi za uwanja wetu. Reli ya kweli ilipita chini ya shule. Tulilala kifudifudi, tukaweka masikio juu ya chuma, kusikia kama Tuli anatembea.

Sijawahi kuwa na furaha ya namna hiyo tena. Naiandika hivyo hivyo.

Jumapili, 9 Machi

Mvua ya kwanza. Sikwenda kanisani. Nimekaa dirishani na daftari hili. Miaka yote ninayoandika shajara sijawahi kuliandika jambo hili. Leo niliandike, basi.

Kufunika vitabu pia ilikuwa kazi ya monita. Tulifunika kwa karatasi ya khaki ya mifuko ya saruji. Gundi hatukuwa nayo. Tulikoroga unga wa mahindi na maji motoni mpaka uvutike, hiyo ndiyo gundi. Wengine walipaka kidogo pembeni. Mimi nilikuwa mtoto wa kufanya kazi vizuri. Kitabu cha sita nilikipaka mgongo wote na jalada lote la nyuma, nikarudia kupaka mara ya pili ili kidumu. Likizo ya Aprili nikapewa nikitunze nyumbani. Nikakiweka ghalani, juu ya magunia, mahali pakavu.

Panya walifuata ule unga. Pamoja na unga wakala kurasa kumi na moja za mwisho. Hawakuchana ovyo. Walianza nyuma wakaja mbele, kwa mpangilio, kama mimi.

Na mwisho wenyewe sikuwa nimeusoma. Nilijizuia, nilitaka kuusikia kwa sauti yangu mbele ya wote.

Niliogopa fimbo. Zaidi ya fimbo, niliogopa kunyang'anywa Ijumaa. Kwa hiyo nikakaa ghalani siku tatu, kuku miguuni, nikaandika kurasa kumi na moja kwenye karatasi za daftari. Nikazikata kwa kipimo cha kitabu. Nikazichomeka. Ijumaa ya kwanza ya muhula nikakiinua kitabu juu, karibu na uso, nikasoma.

Katika mwisho wangu baba anarudi. Taa za reli zimezimwa na wakubwa, lakini Tuli anawasha moja kwa mkono wake, na treni inasimama kwa sababu ya taa hiyo. Baba anashuka, koti mkononi. Anampa Tuli koti alishike, kama mtu aliyetoka mara moja tu kwenda dukani.

Mwalimu Tecla aligeuka akafuta ubao ambao haukuwa na kitu. Rodah aliweka kichwa juu ya dawati.

Jioni hiyo nilizichoma karatasi jikoni. Sanduku likahamia ofisini. Mwalimu Tecla akapata uhamisho. Hakuna aliyekifungua kitabu. Hakuna aliyeuliza.

Jumatano, 12 Machi

Rodah amekuja dukani saa za kazi kunionyesha kipande cha filamu kwenye simu. Ni kifupi sana. Nyasi. Msichana. Taa inatembea peke yake gizani, kama haina mtu. Rodah alilia katikati ya magunia ya mbolea na mteja mmoja akamwambia pole, akidhani ni habari za msiba.

"Ngoja tu uone baba atakavyoshuka," akasema. "Na lile koti. Woi, lile koti."

Lile koti ni langu. Kwa kweli ni la mjomba wangu, alikuwa akilibeba hivyo.

Niandike na hili. Baba yake Rodah alikuwa kibarua kwenye shamba la ngano karibu na shule. Mwaka uliotangulia, mwezi wa kwanza, alisema anaenda kutafuta kazi kwenye miwa, kwao upande wa magharibi, atarudi wakati wa mavuno. Mavuno yakaja, yakapita bila yeye. Kuanzia ile Ijumaa, Rodah alianza kwenda stesheni kila Jumamosi jioni na taa ya koroboi. Treni ya abiria ilikuwa bado inapita. Nilimwona mara nyingi nikitoka kuteka maji. Nilijiambia anacheza.

Huo ni uongo, hata humu. Nilijua anafanya nini.

Baba yake hakurudi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekipata. Kwa mwenye vitabu vya mitumba karibu na soko, chini ya vitabu vya hesabu. Kitabu cha sita, kurasa zote. Jamaa akaniangalia. "Madam, hicho ni cha watoto." Nikamwambia najua.

Nilikisoma mchana, mvua ikipiga mabati. Nilianzia mwanzo. Nilipofika pale panya walipofika, nilisimama nikaosha mikono. Sijui kwa nini.

Baba harudi. Hakuna treni. Wanaume wanakuja kung'oa reli, wanawapa watoto mkate. Shangazi anafika na mkokoteni wa ng'ombe. Tuli anaizima taa mwenyewe, anaifunga ndani ya nguo, anaibeba. Beno anaacha mawe yake yote pale ilipokuwa reli, mstari mmoja ulionyooka. Basi. Mkokoteni unaondoka.

Ni mwisho mzuri. Hilo ndilo linaniumiza. Mtoto anaambiwa ukweli na hafi.

Filamu itafuata huu. Rodah atakaa pale na binti aliyempa jina hilo, akingoja koti.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda Munyaka kumwambia. Alikuwa na sketi arobaini za shule moja, zinatakiwa kesho. Tuli akikata nyuzi, mama akimsimulia tena ile taa na ile treni. Tuli anaujua mwisho kwa moyo. Alisema pamoja na mama yake, "Koti mkononi."

Nikala. Nikasifu mishono. Nimerudi na bakuli la mrenda na maneno yangu yote.

Mwoga.

Alhamisi, 20 Machi

Mitego mitano, hakuna panya. Unga umeliwa kwenye mitatu. Wamejifunza.

Jumamosi, 22 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Tulikuwa tisa wa darasa letu. Barnaba alikuja kutoka Ainabkoi na suti ya harusi yake, haifungiki. Rodah alivaa gauni la kitambaa cha bluu, alilishona wiki hii. Tukakaa safu moja, Tuli katikati yetu sisi wawili.

Taa zikazimwa. Na kwa muda nilisahau kila kitu. Nyasi zilikuwa zile. Ukungu ulikuwa ule. Nilisikia chuma cha reli sikioni. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na hakuna kosa nililokuwa nimefanya bado. Mkono wa Rodah ulipita nyuma ya mtoto ukanishika bega.

Halafu mkokoteni ukaondoka. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

Rodah hakuinuka. Watu walipita mbele yake. Kijana wa kufagia alikuja na ufagio wake.

"Imekatika," Rodah akamwambia. "Kuna kipande kimebaki."

"Imeisha, mama," kijana akasema.

"Haijaisha. Baba hajashuka."

"Mama, hakuna baba. Imeisha."

Tuli alimvuta mkono. Nje, Barnaba alikuwa ameshaamua: "Hawa watu wa filamu wamekula mwisho. Wametuuzia gari bila magurudumu."

Nilihesabu nguzo za umeme. Njia yote ya kurudi.

Jumapili, 23 Machi

Kikundi kinawaka moto. Wameharibu kitabu. Wamemtupa baba. Mmoja anasema alihubiri kuhusu lile koti mwaka jana, na watu wanne wakaokoka. Mwingine anakumbuka filimbi ya treni ilivyolia mara tatu. Sikuandika filimbi. Kitu kimeendelea kukua bila mimi.

Wanataka barua iandikwe kwa waliotengeneza filamu. Barnaba: "Monita aandike. Mwandiko wake ni kama wa mashine, na yeye ndiye alikuwa na kitabu. Sisi wengine ni mashahidi."

Halafu Rodah: amepiga simu redioni. Wamempa nafasi Alhamisi asubuhi. Ataenda na Tuli, waeleze nchi nzima mwisho wa kweli.

Siwezi kumwacha aende. Atachekwa na kila mtu mwenye nakala. Mtoto pia.

Jumanne, 25 Machi

Nimemwambia.

Nilipeleka kitabu. Nilikiweka juu ya cherehani, nikasema soma kurasa kumi na moja za mwisho. Alisoma akiwa amesimama. Nikamweleza unga, panya, ghala, karatasi. Nilisema yote kwa mpangilio kwa sababu sijui namna nyingine.

"Na taa kusimamisha treni?"

"Ni mimi."

"Na koti?"

"Ni mimi."

Alikaa. Alivuta uzi kwenye sindano, ukatoka, akaurudisha, ukatoka.

"Miaka mitatu, Naomi."

Naomi. Sijui mara ya mwisho alinitaja kwa jina ni lini.

"Kila Jumamosi. Na mvua ile ya kwetu. Mama ananichapa, Jumamosi nyingine narudi. Nilikuwa nasema labda taa yangu ni ndogo. Nikaiba mafuta kwa jirani ili iwake zaidi. Ungeniambia tu ni panya."

Nilikuwa na samahani, nikaitoa, ikaonekana ndogo sana pale mezani kati ya vitambaa.

Akanipa mwavuli wangu. Hakunirudishia kitabu.

Jumatano, 26 Machi

Nimeandika kwenye kikundi. Yote. Sikupunguza.

Halafu Barnaba: "Kwa hiyo mimi nililia kwa sababu ya panya?"

Mtu akamjibu: "Si ulisema ilikuwa moshi?"

Wakacheka, nao ni watu wazima. Yule mhubiri alisema ataomba kuhusu jambo hili. Wengine wamekasirika na wamesema hivyo, ni haki yao. Rodah hakuandika kitu.

Alhamisi, 27 Machi

Redio imewashwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Bei za mbolea. Nyimbo. Mtu kutoka Turbo akilalamikia barabara. Rodah hakuzungumza.

Mama Jerono aliniuliza mbona nasikiliza kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

Jumapili, 30 Machi

Hakuna simu. Baada ya kanisa nilitembea mpaka kwenye reli. Nyasi zimefunika mataruma. Nililala kifudifudi, na nguo za kanisani, nikaweka sikio.

Baridi tu.

Nilikuwa nadhani niliwapa zawadi, na kwa wengine ilikuwa hivyo. Kwa mmoja haikuwa zawadi.

Jumatano, 2 Aprili

Mitego mitano, panya mmoja. Mahindi yameota kote huku, kijani kidogo kwenye mistari. Sina la kuandika.

Jumamosi, 5 Aprili

Tunafunga saa saba Jumamosi. Saa saba kasoro dakika chache, Rodah akaingia. Tuli nyuma yake, kitabu kimefungwa ndani ya kipande cha kitambaa cha bluu.

Rodah hakunisalimia kwanza. "Huyu amesoma mwisho wa kitabu," akasema. "Amelia, ameupenda. Sasa anataka na ule mwingine, ausome kwa macho. Mimi nimeshamwambia si wa kweli."

"Najua si wa kweli, Aunty," Tuli akasema. "Nataka tu kujua unaenda vipi."

Mama Jerono alitutazama, akaniachia funguo.

Nilitoa karatasi. Niliandika juu ya kaunta, kati ya mizani na mikebe ya mbegu za sukuma. Rodah alikaa juu ya gunia la mbolea, mgongo kwangu, akiangalia barabara. Nilidhani hasikilizi. Nilipokuwa nasoma kwa sauti ili nipate mstari unaofuata, akasema bila kugeuka, "Umeruka. Kabla ya treni, Beno anamwuliza kama mafuta yatatosha."

Ni kweli. Nilikuwa nimemsahau Beno. Rodah alikuwa amemtunza.

Kurasa zilitimia kumi na moja. Nilizikata kwa kipimo cha kitabu. Sikuzichomeka juu ya zile za kweli. Nilizibandika baada yake, mkokoteni ukishaondoka. Gundi ya chupa, ya dukani, kidogo, pembeni tu.

Rodah alichukua kitabu, akakipeleka puani, akanusa mgongo wake. Akaridhika kwamba si unga. Kisha akakiweka tena mbele yangu, ukurasa wa mwisho.

"Andika jina lako."

Nikaandika: Naomi, monita wa vitabu, darasa la sita.

Alisoma. Hakutabasamu. Alimpa Tuli kitabu akibebe, akafungua mwavuli wake, akanisubiri mlangoni nikitega mitego.